Barua ya Mfano kwa Watu wa Kiriba

Fisi wa Nyamuswa alinikimbiza mpaka nikakaribia Butiama, mfuko wa barua mgongoni, baiskeli haina breki. Nilipoona pumzi inaniishia nikasimama, nikatoa daftari la kupokelea barua, nikamwambia, "Haya, saini hapa." Akaniangalia. Akaangalia kalamu. Kusoma hajui, akaona aibu, akageuka akaenda zake. Nimeisimulia hiyo miaka arobaini na hakuna aliyewahi kumleta huyo fisi aje kunikanusha.

Naanza na fisi ili ujue mapema unaongea na nani. Mimi ni Mniko, tarishi mstaafu. Miaka thelathini na moja nimebeba barua za ofisi, Musoma kwenda Butiama, Butiama kwenda Bunda, na kule Kiriba kandokando ya ziwa. Shule niliishia darasa la nne. Mengine niliyasoma mwenyewe, kwenye magazeti ya kufungia nyama na kwenye bahasha zilizofunguka zenyewe njiani kwa sababu ya joto.

Sasa naishi Kamunyonge, na tangu mwaka juzi naishi na Judith, binti wa marehemu mdogo wangu Gibson. Alirudi kutoka Dar es Salaam na begi moja na kompyuta ya mapajani. Mke wangu Marieta alipofariki, hadithi zangu zilikosa mtu wa kuziuliza "ikawaje?" Judith anauliza. Anajua ni uongo na bado anauliza. Mtu wa hivyo humwachii apande basi hivihivi.

Judith ana chombo alichokiunda mwenyewe, akakipa jina Tarishi. Nilivimba kichwa wiki nzima. Chombo chenyewe kinatuma barua pepe, ila hakitumiwi na mtu. Kinatumiwa na wakala wa akili mnemba. Alivyonieleza, huyo wakala ni kama karani aliyekaa ndani ya kompyuta. Kusoma anajua, kuandika anajua kuliko mimi na wewe, lakini miguu hana. Chombo cha Judith ndiyo miguu yake. Na ili ajue miguu hiyo inavaliwaje, anasoma mwongozo, neno kwa neno, na alichokikuta humo ndicho anachofanya.

"Hata utani?" nikauliza.

"Hata utani, baba mkubwa. Ndiyo maana naogopa kukupa hii kazi."

Alinipa kwa kukosa namna. Mteja wake wa kwanza alikuwa umoja wa wafugaji wenye ofisi Butiama, na mwenyekiti wake ni Bi Bhoke, mama ambaye akikohoa mkutano wote unanyamaza. Bi Bhoke alisema hawezi kuruhusu kitu kitume barua kwa jina lake kikifuata maagizo ambayo yeye hawezi kuyasoma. Mwongozo wa Judith ulikuwa wa Kiingereza. Akataka wa Kiswahili, tena ulioandikwa na mtu aliyewahi kupeleka barua kwa miguu yake.

Masharti ya majaribio aliyataja kwa simu, mimi nimekaa pembeni najifanya namenya mihogo.

"Jumamosi chanjo ya homa ya mapafu inatoka Bunda inakuja josho la Kiriba. Ikishachanganywa haingoji mtu. Kule nina wafugaji hamsini, chombo chako kiwaite. Orodha nitamkabidhi mwenyewe huyo wakala wako siku ya Alhamisi, mkono wa mtu usiiguse. Na asiwasumbue watu wangu: anwani moja, barua moja kwa siku. Mkimpigia mfugaji simu hata mmoja, mtakuwa mnanipimia simu, hamnipimii chombo. Ng'ombe wakija, nakichukua. Wasipokuja, tusisumbuane mwanangu."

"Sawa mama," Judith akasema.

Wasipokuja, Judith alikuwa na tiketi ya basi ya Jumatatu. Kampuni moja huko Dar es Salaam ilishamwita, kazi ya kupokea simu za watu wenye hasira. Tiketi aliibandika kwenye kioo cha kabati, pale pale ninaponyolea ndevu. Kila asubuhi nainyoa na yenyewe kwa macho.

Tuliandika siku tatu, kibarazani. Judith alitaka kila sehemu ya barua ielezwe ni nini, na ikikosekana inakuwaje.

"Anza na mpokeaji."

Nikaandika: Mpokeaji ni yule ambaye usipomkuta nyumbani unamuuliza jirani.

"Jirani yupi, baba mkubwa? Wakala hana jirani."

Nikafuta jirani. Kwenye kichwa cha barua nikaandika kwamba kiseme barua inataka nini, ili mtu ajue kabla ya kufungua kama akae chini au aendelee kusimama. Hiyo akaipenda, akaiacha. Tulipofika kwenye mtumaji nikaandika: Mtumaji ni Umoja. Basi. Sikuona la kuongeza. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye mfano, maana mtu kama mimi ukimwambia aandike mfano umemfungulia zizi.

Kabla ya mfano niliongeza kitu kutoka kazini kwangu. Tarishi yeyote mwenye akili, kabla ya safari, anazunguka na baiskeli uani mara moja aone kama mnyororo umekaa. Nikaandika: Kabla ya kazi, nyoosha miguu kwanza kwa barua ya mfano.

Judith aliisoma akiwa anapiga mswaki. "Nzuri," akasema kwa povu.

Mfano wenyewe ulikuwa huu:

Kwa wafugaji wote wa Kiriba. Salaam. Jumamosi saa mbili asubuhi, joshoni, ataletwa dume kutoka Bunda aliyesomeshwa hesabu. Atahesabu ng'ombe wa kila mfugaji kwa kupiga kwato chini, na huwa hakosei. Ni mimi, Bhoke, Mwenyekiti.

Judith alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akarudi kuwa mtaalamu.

"Na hii anwani ya mpokeaji, ni ya kubuni? Anwani ya mfano haitakiwi iwe ya mtu."

"Ya kubuni," nikasema.

Haikuwa ya kubuni. Ilikuwa anwani pekee ninayoijua kwa kichwa. Miaka ile nilipohamia Kiriba kulima mihogo, Stellah mwenye steshenari pale senta aliniandikia anwani ya barua pepe kwenye fomu ya uhakiki wa wastaafu. Kwa nini nilimdanganya mtoto wa mdogo wangu kwa jambo dogo hivyo? Ulimi wangu umeshazoea njia. Unaendaga wenyewe.

Alhamisi saa nne asubuhi Bi Bhoke alimkabidhi wakala orodha kutoka Butiama. Sisi tukakaa mbele ya kompyuta tukisubiri, Judith anatafuna ncha ya kalamu. Mtandao ukasuasua, taarifa ikatokea saa tisa alasiri:

"Nimesoma mwongozo. Nimenyoosha miguu kwa barua ya mfano, imefika. Barua za wito nimetuma tisa. Arobaini na moja sijazituma, kwa kuwa anwani yao imeshapokea barua leo. Naomba maelekezo."

Judith alisoma mara mbili. "Anwani yao? Watu arobaini na mmoja anwani moja? Hii orodha imeharibika."

"Haijaharibika," nikasema taratibu.

"Unajuaje?"

Hapo ilibidi nimweleze jambo ambalo Dar es Salaam hawalijui. Zamani Kiriba nzima ilikuwa na sanduku la posta moja, la misheni. Barua ya mwalimu, ya mvuvi, ya mganga, zote kwa kupitia misheni, na padri ndiye aliyezigawa baada ya misa. Barua pepe zilipokuja, watu hawakuona sababu ya kila mtu kuwa na anwani yake. Wakiulizwa anwani kwenye fomu, wanaenda kwa Stellah, naye anaandika ya steshenari. Ikija barua anaichapa anampa mwenyewe. Wale tisa waliotumiwa ni wenye watoto vyuoni, waliowafungulia za kwao.

Judith alinisikiliza vizuri. Kisha macho yake yakarudi kwenye mstari wa juu wa taarifa, yakakaa hapo.

"Baba mkubwa. Barua ya mfano imefika wapi?"

Nikakuna goti.

"Si ulisema ya kubuni?"

"Niliibuni kidogo."

Kabla hajanijibu simu yangu ikalia. Alikuwa Stellah.

"Shikamoo mzee Mniko."

"Marahaba mama. Habari za Kiriba?"

"Kiriba kumechafuka. Wewe ulikuwaga ofisini, hebu niambie, hii barua ya Bi Bhoke ya dume la hesabu ni ya kweli? Imeandikwa wafugaji wote, nimewachapia wote, nyingine nimebandika mlangoni. Sasa naona kama nimechoma nyumba."

"Watu si wanajua dume hawezi kuhesabu?"

"Dume nani amemwamini? Mzee Jastin anasema dume ni jina la mashine ya kuhesabia ng'ombe. Anasema serikali haiwezi kuandika mashine watu wakaja, ndo maana imeandika dume. Ameshatoa ng'ombe wake, kesho alfajiri wanaenda kwa shemeji yake Bunda. Na wenzake wanafunga virago."

Judith alikuwa anasikia kila neno. Amekulia mjini, lakini babu yake alimjua. Yule mzee ukimuuliza ana ng'ombe wangapi anakujibu, "Wapo wapo," ukirudia kuuliza anakuhesabia wewe meno. Kwetu ng'ombe hahesabiwi mbele ya mtu. Anayekuhesabia ng'ombe anawatafutia pa kuanzia kufa. Na mimi, mtoto wa zizi, katika mambo yote duniani ambayo dume angeweza kusomeshwa, nilichagua hesabu. Ningeandika dume anayeimba kwaya, wangekuja na ng'ombe na wajukuu.

Nilitegemea Judith anifokee. Hakufoka. Alienda chumbani akaanza kukunja nguo, moja moja, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mtu akikufokea una pa kujibia.

Nikasimama mlangoni. "Kesho anwani ile inaruhusiwa barua moja tena."

"Moja," akasema bila kugeuka. "Na nimeshaiandika."

Aliniletea niisome: Tunaomba radhi kwa hitilafu ya mfumo. Tafadhali puuzeni barua ya jana. Hakuna ng'ombe atakayehesabiwa.

"Mwanangu, ukimwambia mfugaji apuuze kuhesabiwa, kesho hutamkuta hata yeye mwenyewe."

"Basi niandike nini?" Sauti yake ilipanda kidogo, nikafurahi. "Niandike dume amefariki?"

Nilikaribia kusema ndiyo. Kweli, nilikuwa tayari na ugonjwa uliomuua. Lakini nikaliona begi liko wazi kitandani, nikarudi kibarazani kwenye karatasi za mwongozo. Nikapekua mpaka pale pa mtumaji. Mtumaji ni Umoja. Basi. Nimebeba barua miaka thelathini na moja na nikaandika upuuzi huo! Mimi ambaye niliwaona watu wakigeuza bahasha kutazama nyuma kwanza, imetoka kwa nani, ndipo wajue kama mikono itetemeke au la. Kiriba haikuogopa dume. Iliogopa jina la Bhoke lililokaa chini ya dume. Barua ile ile ingetoka kwangu, hata kuku asingehama.

Nikampigia Bi Bhoke. Yeye si mfugaji wa Kiriba, masharti hayakumtaja.

"Mama, ni Mniko hapa."

"Mniko yupi, yule wa fisi?"

"Ndiye."

"Haya, leo umekutana na nani?"

"Leo nimekutana na wewe, mama. Hiyo barua ya dume niliitunga mimi. Binti hana kosa, na wakala alifanya nilivyomwandikia. Judith aliniuliza anwani ni ya nani nikamdanganya."

Nikasikia ng'ombe mmoja analia upande wake wa simu, kama shahidi.

"Umetia jina langu kwenye dume, Mniko."

"Nimetia, mama."

"Unataka nini?"

"Kesho barua iende moja, yenye watumaji wawili. Juu nakiri mimi kwa jina langu. Chini unaita wewe kwa jina lako."

"Wewe nani atakuamini?"

"Hakuna, mama. Wakijua dume ni wangu, atakuwa amekufa hapo hapo. Na chanjo wataiamini kwa sababu ni yako."

Alikohoa. Mimi mwenyewe nikanyamaza.

"Andika," akasema. "Lakini Jumamosi uwepo. Wasipokuja, nitakufunga joshoni uchanjwe wewe."

Ijumaa asubuhi tuliutengeneza mwongozo. Judith alifuta ile ya kunyoosha miguu kwa mkono wake mwenyewe, akaikata mara tatu. Mimi nikaandika kwamba anwani moja si lazima iwe mtu mmoja, na wakala akikuta majina mengi yamelala kwenye anwani moja, asitupe majina: aandike barua moja, ataje kila jina, apeleke kwa kupitia mwenye anwani. Pale pa mtumaji niliandika nusu ukurasa. Judith alitaka kuupunguza, akausoma, akauacha.

Barua ikaenda hivi:

Kwa Jastin Mafuru na wenzake arobaini, majina yote yako hapa chini, kwa kupitia Stellah wa steshenari. Dume anayehesabu ni uongo wangu mimi, Mniko tarishi, yule wa fisi. Wanaonijua hawatashangaa. Hakuna mashine.

Kesho Jumamosi saa mbili, joshoni Kiriba, kuna chanjo ya homa ya mapafu. Hakuna atakayewauliza idadi. Bhoke, Mwenyekiti.

Wakala akajibu: "Nimetuma barua moja kwa watu arobaini na mmoja kwa kupitia Stellah. Imefika." Stellah hakupiga, na sisi hatukuruhusiwa kupiga Kiriba. Judith alifunga zipu ya begi, akaifungua, akaifunga.

Jumamosi saa moja na nusu tulikuwa joshoni. Wale tisa wa watoto vyuoni walikuja mapema na ng'ombe wao, wakachanjwa, wakaondoka. Baada yao josho likabaki na vumbi na daktari wa mifugo ameegemea boksi lake la barafu. Bi Bhoke alikaa kwenye kigoda chake na khanga yenye maandishi ambayo sikuthubutu kuyasoma.

Saa mbili. Saa mbili na nusu.

"Mama, nichanganye nyingine au nirudi nazo Bunda?" daktari akauliza. "Wanakuja wangapi?"

Bi Bhoke akamwangalia kama mtu aliyemtukania mama. "Daktari, hapa neno hilo tumelihangaikia tangu Alhamisi. Usilitamke."

Judith alikuwa amesimama karibu na uzio, ameshika kamba ya mkoba kwa mikono miwili. Nikatafuta uongo wa kumwambia. Sikupata hata mmoja, na hilo halijawahi kunitokea.

Kisha tukasikia kengele. Mzee Jastin alitokea kwa upande wa barabara ya Bunda, ng'ombe mbele, viatu mkononi, amechoka na amekasirika vizuri.

"Yuko wapi?" akapiga kelele. "Yuko wapi huyo tarishi? Nimefika nusu ya safari mjukuu ananifuata na karatasi. Nimeligeuza zizi zima njiani kwa ajili yako, mwongo mkubwa wewe!"

"Karibu mzee mwenzangu," nikasema.

"Dume liko wapi?"

"Ameumwa. Alimeza chaki."

Jastin alijitahidi kushikilia hasira, lakini mdomo ukamponyoka. Nyuma yake vumbi lilikuwa limeshika njia yote. Walikuja wa Kiriba wote, wengine na ng'ombe, wengine na ng'ombe na wageni waliotaka kuniona, na Stellah juu ya bodaboda akiwa na orodha yake ya majina, anaweka alama kwa kila anayeingia. Anahesabu watu. Hilo linaruhusiwa.

"Nichanganye ngapi?" daktari akanong'ona.

"Changanya," Bi Bhoke akasema. "Nitakwambia ukome."

Ilipofika saa sita boksi la barafu likawa limebaki na barafu tu. Daktari akatoa fomu, akafika kwenye mstari wa idadi, akamwangalia Bi Bhoke, akairudisha mfukoni kimya kimya. Alikuwa kijana anayejifunza haraka.

Bi Bhoke akainuka kwenye kigoda. "Judith."

"Abee mama."

"Wametosha. Nakichukua chombo chako. Ila mwongozo aendelee kuuandika huyu mzee wako, na wewe ukague kila anwani anayoitaja. Hata ya kwake."

Judith akapiga goti kidogo kumshukuru, akageuka akaniangalia, nami nikaanza kujipangusa lile vumbi la ng'ombe.

Jumatatu basi la Dar es Salaam liliondoka Musoma na kiti kimoja kitupu. Mimi nilinyoa ndevu mbele ya kioo kizima. Mchana tukakaa kibarazani kutafuta mfano mpya, maana mwongozo bila mfano Judith anasema haujakamilika. Nikaandika barua kwa fisi wa Nyamuswa, kumkumbusha kwamba daftari la kupokelea barua bado liko wazi kwenye mstari wake. Mtumaji: Mniko, tarishi mstaafu.

"Na hii anwani ya fisi?" Judith akauliza.

"Ya kubuni."

"Baba mkubwa."

"Ya kubuni kweli!"

Hakunibishia. Alimwambia wakala ajaribu. Tukasubiri, na nakuambia, jasho lilinitoka. Jibu likaja: anwani hiyo haipo popote.

Judith alisoma, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Haya," akasema. "Kwa hiyo fisi aliona aibu, akaondoka. Ikawaje?"